Toba ya Vijiko

Mke wangu Hannah ndiye mtu pekee niliyepata kumwona akijipeleka jela kwa mdomo wake mwenyewe, tena kwa uso wa mtu anayekwenda harusini. Sisemi hivyo kwa kumcheka. Wakati ule nilikuwa na hasira za kupasua meza, na hata leo nikilikumbuka jambo hilo damu hunichemka kidogo, ingawa yeye huniambia nimezeeka na sasa niiache damu ipumzike.

Ilikuwa mwaka wa sitini na nane. Mimi, Jamleck Ndungu, nilikuwa na bucha pale Dagoretti Corner, upande wa pili wa barabara kutoka kituo cha mafuta, na nyuma ya bucha tulikuwa na vyumba viwili tulimoishi. Hannah alikuwa akifua na kupiga pasi kwa mjane mmoja Mwingereza kule Lavington, mwanamke mrefu mkavu ambaye sote tulimwita Memsahib, kama desturi ilivyokuwa. Alikuwa amemfanyia kazi tangu kabla ya Uhuru. Hawakupendana, hawakuchukiana. Walikuwa wamezoeana tu.

Kisha Hannah akaokoka.

Vijana wa leo wakisikia mtu ameokoka hudhani ameanza kupiga makofi kanisani. La. Waliookoka wa siku zile walikuwa watu wa kazi ngumu. Mtu akiguswa alisimama mbele ya wenzake akaitaja dhambi yake kwa jina, bila kuivalisha nguo. Akishaitaja alikwenda kwa aliyemkosea, na kama alichukua kitu alikirudisha. Basi kukawa na mambo Nairobi hii! Mtu wa reli alirudisha spana ambayo hakuna aliyeijua imepotea. Mwanamke mmoja wa Kawangware alinijia buchani na pande la nyama ndani ya sufuria, akasema mwaka uliopita nilikosea mizani nikampimia zaidi, naye akanyamaza. Nilimshukuru sana, nikalitundika lile pande pamoja na mengine.

Mimi mwenyewe sikuokoka. Nilikuwa navuta sigara, napenda bia yangu ya Jumamosi, na nikiulizwa hali ya roho yangu nilijibu kwamba iko buchani inakata mifupa. Hannah hakunisumbua. Aliniombea kimyakimya, jambo ambalo huudhi kuliko kusumbuliwa.

Jumapili moja, katika ushirika wao, Hannah alisimama akatubu kwamba wakati wa kuzaliwa kwa kifungua mimba wetu, Kabura, alichukua foronya mbili za mito kutoka kabati la Memsahib, akamshonea mtoto nguo. Nilikuwa sijui. Mimi nilidhani ile nguo ya Kabura ilitoka kwa dada yake. Jumatatu alinunua foronya mbili mpya nyeupe, akazikunja vizuri, akamfunga mgongoni mtoto wetu mdogo ambaye bado alikuwa ananyonya, akaenda zake Lavington.

Sasa, yule Memsahib alikuwa anahama. Alikuwa anarudi kwao, na nyumba nzima ilikuwa makasha na nyasi za kupakilia. Asubuhi ileile alikuwa ametafuta sanduku dogo la vijiko vya fedha alivyorithi kwa mama yake, na hakuliona. Ametafuta chini, ametafuta juu, amefungua makasha yaliyokwisha kupigiliwa misumari. Ndipo mfuaji nguo wake akaingia jikoni, akapiga magoti sakafuni na kusema, "Memsahib, mimi ni mwizi. Naomba unisamehe."

"Vijiko yangu!" Memsahib alisema. "Wewe nachukua vijiko ya mama yangu!"

Hannah akaanza kulia na kusema ametenda dhambi, amemkosea Mungu na amemkosea yeye. Zile foronya zilikuwa mkononi, lakini nani wa kutazama foronya wakati moyo wake uko kwenye vijiko? Memsahib akapiga simu. Nami simlaumu sana. Mtu akikupigia magoti na kusema ni mwizi, na kitu chako kimepotea, wewe utafikiri nini?

Polisi walimuuliza kama aliiba, akasema aliiba, wakamlaza ndani na mtoto wake. Kesho yake nikafunga bucha, nikakimbilia korti ya mjini, nikamkuta amesimama kizimbani na mtoto mgongoni. Karani alimsomea shtaka kwa Kiswahili, kwamba aliiba vijiko vya fedha, mali ya mama fulani wa Lavington, akamuuliza, "Ni kweli ama si kweli?"

Hannah akasema kwa sauti ambayo hata askari wa mlangoni aliisikia, "Ni kweli. Mimi ni mwizi."

Nilisimama nikapiga kelele, "Hapana!" Askari akanikalisha chini kwa bega.

Inspekta aliyeongoza mashtaka akasema hana maelezo ya kesi tayari, anaomba ayasome siku ya Ijumaa. Hakimu, mtu mnene mwenye miwani, alimtazama yule mtoto kwa muda. Akauliza kama yuko mtu wa kumdhamini mwanamke huyu. Nikasimama tena, na mara hii sikukalishwa. Nikamchukua mke wangu nikarudi naye nyumbani, na njia nzima sikumwambia neno kwa kuogopa neno ambalo lingetoka.

Nyumbani ndipo lilipotoka.

"Ulichukua hivyo vijiko?"

"Hapana."

"Hukuchukua."

"Sijawahi kuvigusa, ila kuviosha wakati wa Krismasi."

"Sasa kwa nini unaambia hakimu ni kweli?"

Akanitazama kwa mshangao, kama vile mimi ndiye niliyekuwa nimepotewa na akili. "Baba Kabura, mimi si mwizi?"

"Wa foronya! Foronya za miaka ile! Hii maneno ya vijiko umetoa wapi?"

"Mwizi ni mwizi. Nisimame mbele ya watu wote niseme si kweli? Watasema, ona hawa waliookoka, wakifika kwa serikali wanakana. Nilikuwa nastahili kufungwa kwa zile foronya. Hata wakifunga mimi kwa vijiko, ni sawasawa."

"Na mtoto atanyonya nani?"

"Mungu ataangalia mtoto."

"Mungu hana matiti, Hannah!"

Nilijua nimekosea kusema hivyo, na sikujali. Yeye alimshusha mtoto mgongoni akaanza kumnyonyesha. Nikatoka nje nikavuta sigara mbili mfululizo. Nilimpenda mwanamke yule, hilo ndilo lililokuwa likinitesa. Kama ningekuwa simpendi ningemwacha aende akakae na ukweli wake huko Lang'ata kwenye jela ya wanawake, nioe mwingine mwenye akili za kawaida.

Aliyetuletea wakili ni Lornah Awiti. Huyu alikuwa mshonaji pale Ngara, Mluo mwenye sauti kubwa na mwili wa kutosha sauti hiyo, na ndiye aliyeuongoza ushirika wa akina mama wa Hannah. Mdogo wake, Tobias Ajwang, alikuwa amerudi juzijuzi kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam na shahada ya sheria, na alifanya kazi na mawakili wenye ofisi huko Government Road, ghorofani. Nikamwambia Lornah nitalipa nyama maisha yangu yote. Akasema mdogo wake anakula sana, tutaelewana.

Basi Jumatano asubuhi tulipanda ngazi zile, mimi na Hannah na mtoto. Tobias alikuwa kijana mwembamba, mpole, na Kiswahili chake cha Dar kilikuwa kimenyooka kama shati lililotoka kupigwa pasi. Sisi wa Nairobi tulikisikiliza kama watu wanaosikiliza redio.

"Dada Hannah," alisema, "mambo bado hayajaharibika. Kabla hakimu hajatoa hukumu siku ya Ijumaa, sheria inakuruhusu kubadilisha jibu lako. Ukishahukumiwa, mlango umefungwa. Kwa hiyo Ijumaa utakana shtaka. Sheria inakuchukulia kuwa huna hatia mpaka upande wa mashtaka uthibitishe vinginevyo, na jukumu la kuthibitisha ni lao, si lako."

Hannah akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema useme hapana."

"Niseme sina hatia?"

"Naam," akasema Tobias, na uso wake ukachangamka.

"Ndugu yangu," Hannah akamwambia taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, "ni nani hana hatia? Biblia imesema wote wamefanya dhambi. Niseme ati mimi peke yangu sina?"

"Hatia ya kisheria, dada. Si ile ya Mungu."

"Mungu ana sheria mbili?"

Tobias akavua miwani akaifuta. Akajaribu njia nyingine. Akasema kukana shtaka si kusema uongo, ni hatua tu ya utaratibu wa mahakama, ni kuwaambia wenye madai walete ushahidi. Hannah akasema Petro naye alikana, mara tatu, na hakuna aliyemwambia kwamba ni utaratibu. Tobias akasema hata mtu aliyetenda kosa ana haki ya kukana. Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Hannah akasimama, akamfunga mtoto vizuri, akamshukuru kwa wema wake, akasema hawezi kumsikiliza mtu anayemfundisha mwizi kusema hakuiba.

Nilipigana na ulimi wangu usimtukane kijana wa watu. Hakuwa na kosa. Maneno yake yalikuwa mazuri na nina hakika yalikuwa ya kweli, ila yalitoka nyumba nyingine kabisa, na mke wangu hakuwa na ufunguo wa nyumba hiyo.

Jioni ileile ushirika ulikuja kwetu. Walisema wamekuja kumwombea dada yao kabla ya Ijumaa, lakini mimi niliona wanakuja kama watu wanaokuja kuaga. Mmoja alileta maziwa ya mtoto. Mwingine alileta blanketi. Wakajaa katika chumba chetu cha mbele, wengine wameketi juu ya kitanda cha Kabura. Tobias alikuwa amekuja na dada yake, akabaki nje nami, maana yeye naye hakuwa ameokoka. Nikampa kreti akalie, nikampa sigara, akasema havuti, nikaivuta yeye akinusa. Dirisha lilikuwa wazi na tulisikia kila kitu.

Waliimba. Waliomba. Kisha Hannah akasimama atoe ushuhuda wake, kama desturi yao.

"Bwana asifiwe," alisema. "Nashukuru Mungu amenipa nguvu ya kusimama mbele ya hakimu. Shetani alitaka niogope. Lakini nilitubu vijiko mbele ya watu wote, sikuficha."

"Asifiwe," wakaitikia wachache, kwa sauti ndogo.

Lornah hakuitikia. Nilimwona kupitia dirishani ameinamisha kichwa, mikono yake mikubwa imelala pajani. Akakaa hivyo mpaka watu wakaanza kujikohoza.

"Dada Hannah," akasema mwishowe. "Umetubu vijiko."

"Ndiyo, dada."

"Sawa. Vilete basi. Kesho asubuhi mimi na wewe tutaenda Lavington, turudishie huyu mama mali yake. Si ndiyo njia yetu?"

Hannah akainamisha macho.

"Viko wapi?"

"Sina, dada."

"Uliviuza?"

"Hapana."

"Ulimpa nani?"

"Sikumpa mtu. Sikuvichukua."

"Ngoja kwanza," Lornah akasema, na sauti yake sasa ilikuwa imepanda, nadhani hata kule kituo cha mafuta waliisikia. "Tangu lini tumetubu kitu hatukufanya? Mtu akitubu hapa, tunamuuliza jina ya dhambi, tunamuuliza siku, halafu tunaenda naye kurudisha. Wewe hii yako hautarudisha, kwa sababu haiko. Sasa umetubu nini? Umeambia serikali uongo, halafu ukaandika jina ya Yesu juu yake!"

Nilitaka kupiga makofi. Tobias alikuwa ameketi mbele kabisa ya kreti, mdomo wazi.

Ndani, Hannah akaanza kulia. Hakulia kwa ushuhuda, kile kilio chao nilichokizoea. Alilia kama mtu aliyechoka. "Nilitaka kulipa," alisema. "Zile foronya. Miaka yote nikiziosha zile zingine, nikizipiga pasi, nazihesabu na najua mbili hazipo kwa sababu yangu. Na Memsahib hakunisamehe. Hata hakuzitazama. Nilisema nikifungwa, nitakuwa nimelipa."

Hapo, nawaambia, hasira yangu yote iliisha kama moto uliomwagiwa maji. Miaka yote ile nililala kitanda kimoja na mwanamke huyu, na sikujua anahesabu foronya.

Lornah akavuka chumba akaketi kando yake, akamkumbatia kichwa. Sauti yake ilishuka mpaka tukalazimika kusogea dirishani. "Ulilipa siku ulirudisha," alisema. "Kama huyo mama hajasamehe, ni yake na Mungu. Wewe unataka kulipa mara ya pili. Hiyo si toba, Hannah. Hiyo ni kusema msamaha wa Bwana hautoshi, lazima uongeze wako juu."

Kisha Tobias, bila kuulizwa, akaingia. Alisimama mlangoni na kuwaamkia akina mama, akamwelekea Hannah, na mara hii Kiswahili chake kilikuwa kimevua koti.

"Dada, asubuhi nilikosea," alisema. "Nilikwambia useme huna hatia. Usiseme hivyo. Hakimu hatakuuliza kama una dhambi. Hana kazi na dhambi zako. Atakuuliza jambo moja kwa jina lake, kama wanavyokuuliza hapa ndani. Vijiko. Ulivichukua au hukuvichukua? Wewe jibu hilo moja tu. Kama ulivichukua, sema ndiyo. Kama hukuvichukua, sema hapana, halafu wao ndio wavilete. Hiyo ndiyo maana ya kukana shtaka. Yale mengine yote niliyosema asubuhi maana yake ni hiyo."

Hannah alifuta macho kwa kanga yake. "Na wakiniuliza foronya?"

"Hawatakuuliza, kwa sababu hawakukushtaki kwa foronya. Lakini wakikuuliza, waambie kweli."

"Niwaambie kweli?"

"Yote."

Akamtazama kijana yule kwa makini, kama anamwona kwa mara ya kwanza. "Kumbe hii sheria yenu," alisema, "haitaki mtu adanganye."

"Haitaki," Tobias akasema. "Ila sisi tunaieleza vibaya."

Usidhani basi niliingia Ijumaa nikiwa nimetulia. Namjua mke wangu. Anaweza kukubali jambo Jumatano, akaliombea Alhamisi, na Ijumaa akaamka na ufunuo mwingine. Asubuhi hakusema neno. Alivaa gauni lake la kanisani, akanyonyesha mtoto mpaka akashiba, na tukashuka mjini. Kortini nilikaa benchi la mbele karibu na Lornah, na Memsahib alikuwa ameketi upande wa pili na kofia yake, amenyooka, peke yake. Alionekana mzee kuliko nilivyomkumbuka. Nadhani wote aliowajua hapa walikuwa wamekwisha kuondoka.

Tobias alisimama akamwambia hakimu kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa anaomba asomewe shtaka upya. Inspekta akanung'unika. Hakimu akakubali. Karani akasoma, vijiko vya fedha, mali ya mama fulani, akauliza, "Ni kweli ama si kweli?"

Hannah alishika ule ubao wa kizimba kwa mikono miwili. Alinyamaza mpaka karani akainua macho, na hakimu akaweka kalamu chini, na mimi nikahisi mkono wa Lornah umenibana kiganja mpaka mifupa inasagana.

"Bwana hakimu," akasema, "mimi ni mwenye dhambi."

Tobias akafumba macho.

"Lakini vijiko sikuchukua. Hiyo si kweli."

Inspekta akaruka juu. Alisema kwamba mshtakiwa huyuhuyu, mbele ya mahakama hiihii, Jumanne alisema ni kweli, na kwamba sasa amefundishwa. Karani akatafsiri. Hakimu akaegemea mbele, akamuuliza Hannah kwa nini amebadilisha jibu.

"Kwa sababu siku ile nilidanganya korti," Hannah akasema. "Nilisema nilichukua kitu sikuchukua. Naomba korti inisamehe."

Watu wa nyuma wakacheka. Hakimu hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu, kisha akamuuliza inspekta ana ushahidi gani mbali na mdomo wa mwanamke huyu. Inspekta akapekua karatasi zake, akaomba kesi ipangiwe tarehe. Hakimu akaipanga, akaacha dhamana yangu iendelee.

Sitakuchosha na kesi yenyewe. Ilisikizwa mwezi uliofuata. Memsahib alisimama akaapa, na nilichukia kumheshimu lakini nilimheshimu, maana hakuongeza hata neno moja. Alisema hakumwona Hannah na vijiko, hakujua vilipotea siku gani, na makasha yalishikwa na watu wengi. Akasema mwanamke yule alimletea foronya mbili, naye hakuelewa ni za nini. Hakimu akasema Hannah hana kesi ya kujibu, aende zake nyumbani. Vijiko sijui vilikwenda wapi mpaka leo.

Lakini kwangu mimi kesi iliisha siku ileile ya Ijumaa, tulipokuwa tunarudi, wakati hakuna aliyejua itakwisha vipi. Tulishuka basi pale Dagoretti Corner. Hannah alitembea mbele yangu kidogo na mtoto mgongoni amelala, na mwendo wake ulikuwa mwepesi, mwendo wa msichana. Mimi bado nilikuwa na woga, na woga wangu siku zote hutoka nje umevaa hasira.

"Unatembea kama mtu ameshinda," nikamwambia. "Bado. Hao wanaweza kuleta mtu wa uongo aseme alikuona na vijiko. Wakufunge hata hivyo. Umefikiria hiyo?"

"Nimefikiria."

"Na?"

Akasimama akanigeukia, katikati ya watu wanaopanda na kushuka. "Basi nitaenda, Baba Kabura. Nitalia, kwa sababu ya mtoto, na kwa sababu yako. Lakini nitakuwa nimefungwa na uongo wa mtu mwingine. Ule wangu nimeacha pale kortini."

Nikamwambia anipe mtoto. Alidhani sikusikia vizuri, maana mwanamume wa rika langu hakubeba mtoto barabarani, na wateja wangu wote walikuwa wamesimama mlangoni pa bucha wakingoja nifungue. Nikamfungua mwenyewe mgongoni kwake, nikamweka kifuani pangu pamoja na kanga yake yote, na tukavuka barabara, mke wangu kando yangu, mikono yake mitupu.